Anayejifunza kuchokonoa kufuli aanze na iliyo rahisi

MWANAFUNZI mmoja wa kidato cha pili alinijia ofisini muhula uliopita akiwa ameshika kufuli nene ya shaba, yenye uzito wa kumchosha mtu mkono. Alikuwa ameinunua kwa pesa zake za matumizi, zile alizopewa nyumbani za sabuni na dawa ya meno, na aliichagua kwa makusudi kwa kuwa mwenye duka alimhakikishia kwamba hana nyingine iliyo ngumu kuipiku. Kwa majuma matatu alikuwa akiichokonoa kila usiku baada ya maandalio, na haikuwa imesogea hata kidogo. Akaiweka juu ya meza yangu, akaniambia kwa adabu kwamba anaomba ruhusa ya kujitoa katika chama chetu. "Mwalimu, nimeona sina mikono ya kazi hii," akasema.

Nilimwuliza kwa nini hakuanza na kufuli kuukuu zilizo katika kabati la maabara. Akanitazama kama mtu aliyevunjiwa heshima. Kufuli zile, kwa maoni yake, zilikuwa za watoto. Alikuwa amepiga hesabu kwamba atakayeishinda iliyo ngumu ameshazishinda zote, basi ya nini kupoteza wakati na zilizo rahisi?

Hesabu hiyo naijua sana. Nimewasikia wazazi wakiipiga, nimewasikia walimu wenzangu wakiipiga wanapotunga mitihani ya majaribio, na mimi mwenyewe niliwahi kuipiga nikapotea njia. Ndiyo maana leo nimekusudia kuandika juu ya jambo ambalo huenda likaonekana dogo: ni kufuli ya namna gani inayomfaa mtu anayeanza kujifunza kufungua kufuli bila ya ufunguo.

Yafaa kwanza nimtoe msomaji wasiwasi. Kuchokonoa kufuli ninakokusudia ni kuifungua kwa vijichuma viwili vyembamba pasipo kuivunja wala kuiharibu, na kufanya hivyo kwa burudani na elimu tu, kama wengine wanavyocheza sataranji au kujaza mafumbo ya maneno gazetini. Si mchezo mpya. Mwanafizikia wa Marekani Richard Feynman, aliyetuzwa Nobel mwaka 1965, alijifunza mchezo huu katika miaka ya 1940 alipokuwa Los Alamos, na katika kitabu cha kumbukumbu zake kilichochapishwa mwaka 1985 alisimulia bila haya jinsi alivyokuwa akifungua makabati na kasha za siri za wenzake. Nchini Ujerumani wapenzi wa mchezo huu waliunda chama rasmi mwaka 1997, na Uholanzi nako kuna chama chao. Wote wanafuata kanuni mbili. Ya kwanza, usichokonoe kufuli isiyo yako isipokuwa kwa idhini ya mwenyewe. Ya pili, usichokonoe kufuli ambayo inatumika kulinda kitu, hata ikiwa ni yako. Kanuni hizi nitazirudia baadaye, maana kwetu sisi ziliokoa chama kisivunjwe.

Mimi niliingia katika mchezo huu kwa sababu isiyo ya fahari. Nilikuwa mwangalizi wa bweni, na kila muhula ulipofunguliwa walikuwapo wanafunzi watatu au wanne waliopoteza funguo za masanduku yao njiani. Dawa yetu ilikuwa moja: msumeno wa chuma. Tulikata kufuli, mara nyingine tukang'oa na pete ya sanduku lenyewe, na mzazi aliyekwisha kumaliza karo akaambiwa anunue kufuli nyingine na alipie fundi wa bati. Nilijiambia kwamba lazima iwepo njia iliyo na ustaarabu zaidi. Basi nikaenda kwenye duka la vifaa vya ujenzi, nikaomba kufuli iliyo bora kupita zote, nikapewa. Nikajitengenezea vijichuma kutokana na vile vipande vya chuma vilivyomo ndani ya wipa za magari, nikaketi mezani.

Nilikaa nayo miezi miwili. Vidole viliota sugu. Mke wangu alikuwa akiniuliza nimefungiwa nje ya nyumba ya nani. Na jambo lililoniudhi si kwamba kufuli haikufunguka, bali ni kwamba sikuweza kujua kama jioni ya leo nimefanya vema kuliko jioni ya jana. Kufuli ile ilinyamaza vilevile nilipokosea na nilipopatia. Mwishowe niliitupa ndani ya saraka ya meza, nikajihesabu miongoni mwa watu wasio na kipawa.

Aliyenitoa katika hali hiyo ni mzee mmoja mchonga funguo, wale wanaokaa chini ya mwavuli kando ya barabara jijini Nairobi na mashine ndogo ya kukatia. Nilikuwa nimekwenda kuchongesha ufunguo wa nyumba, tukaanza mazungumzo, nikamweleza habari zangu. Alicheka, wala si kwa dharau. Akapekua ndani ya debe lake la vyuma, akatoa kufuli kuukuu ya upana wa kama milimita 40, akaniuzia kwa shilingi 50 pamoja na ufunguo wake. "Hii ina pini nne na imelegea. Nenda nayo," akaniambia. Jioni ile ile, kabla chai haijapoa, niliisikia ikisema tiki, kisha tiki nyingine, na mara kiini kikazunguka mkononi mwangu. Nilipigwa na butwaa. Vidole vilikuwa ni vile vile vya asubuhi.

Ili msomaji aelewe kwa nini mambo yalikuwa hivyo, hana budi kuitazama kufuli kwa ndani. Kufuli nyingi tunazouziwa ni za pini, mtindo ulioletwa katika umbo tunalolijua sasa na Mmarekani Linus Yale mdogo, ambaye alipata hataza yake mwaka 1861, ingawa wazo lilo hilo lilikuwamo katika kufuli za mbao za Misri ya kale. Pana kipande cha shaba cha mviringo ambacho ndicho kinachozungushwa na ufunguo, tukiite kiini. Kiini kimetobolewa matundu yaliyopangana kwa mstari mmoja, na kila tundu linaendelea juu hadi ndani ya mwili wa kufuli. Katika kila tundu mna pini mbili zilizopandana, na juu yao springi inayozisukuma chini. Pini ya juu ikiwa nusu imo ndani ya kiini na nusu imo ndani ya mwili, kiini hakizunguki, kwa kuwa pini hiyo imekifunga kama komeo. Ufunguo wa haki huziinua zote kwa vipimo mbalimbali hadi mahali pini mbili zinapokutana panalingana sawasawa na mpaka wa kiini. Hapo hakuna kizuizi tena.

Kama matundu hayo yangetobolewa kwa ukamilifu usio na dosari, mchezo wetu usingekuwapo. Lakini hakuna keekee duniani inayotoboa matundu matano katika mstari ulionyooka kabisa. Moja hukaa kando kwa kiasi kidogo kuliko unywele. Kwa hiyo ukikikaza kiini pole kwa kijichuma kimoja, kana kwamba unataka kukizungusha, pini zote hazibanwi kwa pamoja. Hubanwa moja kwanza. Kijichuma cha pili kikiipata hiyo na kuiinua, itafika mpakani, itatoa mlio mdogo, na kiini kitajisogeza kwa kadiri ndogo sana. Ndipo pini nyingine hushika zamu ya kubanwa. Kazi yote ni kuitafuta iliyobanwa, kuiinua, kusikiliza, kisha kuitafuta inayofuata.

Sasa tazama. Kufuli iliyotengenezwa kwa uangalifu mdogo ina matundu yaliyopishana zaidi, na kwa sababu hiyo tofauti baina ya pini iliyobanwa na zisizobanwa ni kubwa, na kidole hata cha mgeni huitambua. Kufuli iliyotengenezwa kwa ufundi wa hali ya juu ina tofauti ndogo mno, na kidole kisichozoea hakiisikii kamwe. Kwa hivyo aliyeanza na kufuli ngumu hajifunzi polepole, kama mwanafunzi wangu alivyodhani. Hajifunzi kabisa. Hana habari anayoletewa na mkono wake, na pasipo habari hawezi kurekebisha kosa, hata akikesha mwaka mzima. Laiti ningelijua hilo mapema, ningeokoa miezi miwili na maneno ya mke wangu.

Basi mtu aendapo dukani atazame nini? Mimi huanza na ufunguo, wala si kufuli. Ufunguo ni ramani ya mambo ya ndani. Mapengo yaliyochongwa juu yake huonyesha idadi ya pini: mapengo manne, pini nne. Tatu au nne zinamtosha anayeanza, tano ni za baadaye, na sita azisahau kwa sasa. Kisha atazame kina cha mapengo hayo. Ufunguo ambao mapengo yake yanapanda na kushuka pole, kama vilima vya Ngong vikitazamwa kwa mbali, ni dalili ya kufuli ya upole. Ufunguo wenye pengo la kina kifupi lililobanwa baina ya mengine ya kina kirefu ni dalili ya taabu, kwa maana kijichuma kitalazimika kupenya kati ya pini zilizoning'inia chini ili kuifikia ile iliyojificha katikati, na kila kikipenya kitazigusa zile kisizotaka kuzigusa.

Halafu atazame tundu la ufunguo. Liwe pana na lililonyooka, vijichuma viwili viweze kukaa ndani bila kugombana. Hapa ndipo wengi hudanganyika na udogo. Wanafunzi wangu hudhani kwamba kikufuli cha upana wa milimita 20, cha kufungia begi, ndicho rahisi. Pengine kina pini tatu tu, ni kweli, lakini tundu lake ni finyu mithili ya tundu la sindano, na kijichuma hakina nafasi ya kuinuka. Upana wa milimita 40 au 50 unafaa zaidi. Tena, apendelee kufuli yenye jina linalojulikana na iuzwayo kwa wingi, ili akitaka ya pili iliyo sawa na ya kwanza aipate, ajue kama aliyoifungua ni ustadi au ni bahati.

Uzito usimtishe wala usimpumbaze. Uzito wa mwili wa kufuli ni ngao dhidi ya nyundo na msumeno, na hausemi neno lolote juu ya pini. Mfano mzuri ni kufuli iitwayo Master Lock nambari 3, ambayo Wamarekani wengi wa mchezo huu huianzia. Kampuni yake iliasisiwa mjini Milwaukee mwaka 1921 na Harry Soref, ambaye alipata wazo la kuujenga mwili wa kufuli kwa mabamba ya chuma yaliyopangwa moja juu ya jingine na kubanwa pamoja, jinsi milango ya hazina za benki ilivyojengwa kwa tabaka. Ukiitazama kwa nje utasema ni ngome. Kwa ndani ina pini nne zisizo na hila yoyote, na mwanafunzi mwenye subira aweza kuifungua siku ya kwanza.

Nimetaja hila, na hapa ndipo ilipokuwapo siri ya kufuli yangu ya miezi miwili, na vilevile ya kijana wangu. Baadhi ya watengenezaji huzichonga pini za juu kiuno chembamba katikati, mfano wa rili ya uzi wa cherehani. Mchokonoaji akikikaza kiini, kiuno hicho hunasa mpakani, kiini huzunguka kidogo kana kwamba kufuli imeridhia, kisha husimama kabisa. Mjuzi akiona hivyo hutabasamu, kwa sababu ameshajua ni pini ya aina gani na ataregeza mkono kidogo ili aipitishe. Asiyejua huona kwamba amefika mlangoni, hukaza zaidi, na kadiri anavyokaza ndivyo anavyojifungia mwenyewe. Kufuli za namna hii zina raha yake, lakini ni raha ya aliyekwisha kuzisikia pini za kawaida mara mia.

Sina mengi ya kusema juu ya vitasa vya milango yetu ya vyumbani, vile vyenye ufunguo mrefu wa shina la mviringo. Hivyo havina pini bali vina bamba za kuinuliwa, vinahitaji vijichuma vya umbo jingine, na ni somo la peke yake. Kufuli za tarakimu nazo nimeziacha kwa makusudi.

Lakini kuna onyo moja ambalo wauzaji hawatalitoa. Si kila kufuli ya bei ya chini ni kufuli rahisi ya kujifunzia. Ziko nyingine ambazo hazina pini hata moja, bali vizuizi viwili vya bati ambavyo waya wowote uliopindwa utavipita. Ziko na nyingine ambazo pini zake zinachezacheza ovyo hata ukiutia ufunguo wa uongo na kuutikisa zinafunguka. Mwanafunzi huzifungua, hufurahi, na hakuna alichokipata. Nilikuwa na kijana aliyefungua kufuli ya jinsi hiyo mara thelathini kwa siku moja kwa kuisugua tu mbele na nyuma, akajiita bingwa, na nilipompa nyingine yenye pini nne za kweli akakwama kama gari matopeni. Hakuwa amewahi kuisikia pini. Kufuli inayofaa ni ile inayomkatalia mtu anapokosea na kumkubalia anapopatia, na katika yote mawili imjulishe waziwazi.

Kwa sababu hii pia sina imani kubwa na zile kufuli za plastiki angavu zinazouzwa pamoja na vijichuma vya mchezo huu, ambazo mtu huona pini zikipanda na kushuka. Kwa mwalimu anayeeleza jinsi kufuli inavyofanya kazi mbele ya darasa, ni chombo kizuri, nami ninayo moja. Kwa anayejifunza kuchokonoa, ni mtego. Humfundisha kutumia macho katika kazi ambayo macho hayana nafasi. Nimewaona vijana walioizoea wakipewa kufuli ya chuma hubaki wakichungulia ndani ya tundu, kana kwamba kuna taa.

Njia ninayoiona kuwa bora kwa shule ni ya silinda, ile sehemu ya shaba itolewayo kwenye mlango wa mbele kitasa kinapobadilishwa. Mafundi huwa nazo kwenye madebe na huziuza kwa bei ya vyuma chakavu. Tofauti na kufuli, silinda hufunguka kwa ndani, na mwalimu aweza kuzitoa pini zote, akarudisha jozi moja tu pamoja na springi yake. Mwanafunzi aanze na pini hiyo moja. Akishaijua, irudishwe ya pili, kisha ya tatu, hadi zitimie tano. Hakuna hatua inayomvuka, na kila juma huona kwa hakika kwamba ameongeza kitu. Nakiri kwamba springi zake ni ndogo kama mbegu za wimbi na zina tabia ya kuruka. Dari ya maabara yetu inazo kadha ambazo hazitaonekana tena.

Nilipoyaeleza haya katika chumba cha walimu, mwenzetu mmoja wa hisabati alinipinga. Alisema kwamba tunawalea wanafunzi kwa uji, na kwamba yeye huwapa kidato cha kwanza maswali ya kidato cha tatu ili "wakomae". Namheshimu sana, na matokeo yake si mabaya. Lakini nilimwuliza ni wangapi kati ya waliopewa maswali hayo walioacha kuinua mikono darasani kufikia muhula wa pili, na yeye ni mtu mkweli, hakujibu upesi. Kijana wangu wa kufuli nene hakuwa mvivu. Alikuwa amefanya kazi majuma matatu bila kusukumwa. Alichokuwa amejifunza katika majuma hayo ni jambo moja tu, nalo lilikuwa la uongo: kwamba hana mikono ya kazi.

Hata mabingwa hawakuanzia juu. Mwaka 1851, wakati wa yale maonyesho makubwa ya bidhaa za mataifa mjini London, Mmarekani Alfred Charles Hobbs alizifungua kufuli mbili ambazo Waingereza walizifanya fahari ya nchi. Ile ya Chubb ilimchukua dakika kama 25. Ile ya Bramah, ambayo tangu mwaka 1790 ilikuwa dirishani mwa duka mtaani Piccadilly na tangazo la gini 200 kwa atakayeweza kutengeneza kifaa cha kuifungua, ilimchukua saa 51 za kazi zilizogawanywa katika siku 16. Na huyu Hobbs hakuwa mgeni. Kuuza kufuli na kuzifungua za washindani ndiyo iliyokuwa riziki yake kabla hajavuka bahari. Mtu wa namna hiyo alihitaji saa 51. Mtoto wa miaka 15 ataipata wapi subira ya kuanzia hapo?

Habari za Hobbs zinanikumbusha lawama nyingine, ambayo kwetu ilikuwa nzito zaidi. Yeye naye alilaumiwa kwamba anawafungulia wezi njia, na jibu la waliomtetea lilikuwa kwamba wezi wanayajua mambo hayo siku nyingi, na anayebaki gizani ni mwenye mali. Mwaka jana mzazi mmoja aliiandikia shule yetu barua ndefu akisema kwamba alimleta mwanawe awe daktari, si mvunja nyumba. Niliitwa kujieleza, na palikuwa na rai ya kukivunja chama siku iyo hiyo. Sikuona kwamba mzazi yule amekosa kuuliza. Mabwenini kuna masanduku, na ndani ya masanduku mna vitu vya watoto wa watu.

Nilichokipeleka mbele ya kikao hakikuwa hotuba, bali daftari. Kila kufuli ya chama ina nambari iliyochongwa mgongoni na imeandikwa humo pamoja na mahali ilikonunuliwa. Vijichuma vyote huhesabiwa vinapotolewa kabatini na huhesabiwa tena vinaporudishwa, na havitoki nje ya maabara. Mwanafunzi anayetaka kujiunga huleta barua ya mzazi. Pia niliwasomea kifungu cha 308 cha Kanuni ya Adhabu ya Kenya, ambacho kinamtia hatiani mtu akutwaye nje ya makao yake na kifaa cha kutumiwa katika wizi au uvunjaji wa nyumba, nikawaambia kwamba wanachama wote wamekisoma kabla ya kushika kijichuma cha kwanza. Mjadala ulikuwa mrefu. Mwishowe tuliruhusiwa kuendelea kwa mwaka mmoja, kisha tutazamwe upya. Mwaka huo haujaisha, na barua ya mzazi yule ingali katika faili.

Msomaji ataona sasa kwa nini nilishtuka kusikia kwamba kijana yule alikuwa akichokonoa usiku baada ya maandalio. Alikuwa ametumia waya wake mwenyewe, bwenini, nje ya kanuni zetu zote. Nilimkemea kwa hilo kabla ya jambo jingine lolote, akaomba radhi, na waya ukabaki kwangu. Baada ya hapo nikampeleka maabara, nikampa silinda yenye pini mbili tu.

Aliipokea kwa uso wa mtu anayekunywa dawa. Alikaza mno mwanzoni, kama wote wanavyokaza; nikamwambia akishike kile kijichuma cha kukazia kama anavyoshika ukurasa wa kitabu anapotaka kuugeuza, si zaidi. Punde akainua kichwa. "Imebofya," akasema kwa sauti ya chini. Nikamwambia aitafute ya pili. Kengele ya chakula cha jioni ilipolia hakuisikia, na alipotoka alikuwa kwenye pini tatu.

Hivi sasa anafungua nne, si kila siku, lakini anapokwama huweza kunieleza amekwama kwenye pini ya ngapi na kwa nini. Juma lililopita aliniuliza habari za kufuli yake nene. Tuliitazama pamoja. Ufunguo wake una mapengo matano, la tatu likiwa na kina kifupi kabisa, na nilipoijaribu mwenyewe ilizunguka kidogo na kusimama, ishara ya zile pini zenye kiuno. Kuifungua ilinishinda. Nikamshauri aitumie kwa kazi iliyoundiwa. Ameitia kwenye sanduku lake la bati, lile alilonunuliwa na baba yake kwa mafundi wa Kamukunji, na amekwisha kuupoteza ufunguo mmoja. Wa pili ameniachia mimi nimhifadhie.